Habari za Njia

Kila Jumamosi ya miezi ya mvua, kabla chai haijachemka, Bi Haraka alichukua fimbo ya babu yake nyuma ya mlango akaenda kusoma njia.

Hakuwa bi wa mtu yeyote. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na jina hilo alibandikwa na babu yake kwa sababu alivaa viatu huku akitembea na alimaliza kula wenzake wakiwa bado wananawa. Kusoma njia ndilo jina la kazi hiyo pale kwao. Ilimaanisha kupanda mlima ulio nyuma ya mji, kupita benchi la kwanza, kufika penye magogo mawili yaliyolazwa juu ya kijito, kuuchoma udongo kwa fimbo upande huu na upande ule, kisha kurudi kusema hali ilivyo. Zamani babu mwenyewe ndiye aliyeisoma. Alikuwa mwongoza wageni tangu ujana wake, na filimbi aliyoitumia kuwaita waliobaki nyuma bado ilining'inia shingoni mwake. Lakini magoti yalikuwa yamemgomea, kwa hiyo sasa alikaa barazani akasubiri kuletewa habari.

Wakati wa kiangazi mji ule wa ziwani hujaa watu mpaka mbwa hukosa pa kulala. Wageni huja kupanda njia za mlimani na kupiga picha, na mama yake Bi Haraka, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vinne, hushinda akifua shuka. Mvua zikianza, wageni hukauka. Mashua hupinduliwa ufukweni, maduka ya kofia hupigiwa mbao madirishani, na ziwa lenyewe huwa la kijivu kama maji yaliyooshewa vyombo.

Ndiyo maana mama alidhani yule mzee aliyeshuka kwenye basi jioni ya Alhamisi amepotea njia. Alikuwa na mkoba mdogo na koti lililoshonwa vizuri sana. Akasema hapana, hajapotea, anataka chumba. Alikuwa fundi cherehani, na kabla hajamaliza chai yake ya kwanza alikuwa ameshaona kwamba pindo la pazia limefumuka, akaomba sindano. Mama alicheka akamwambia mgeni hapewi kazi. Fundi akamjibu kwamba mikono yake ikikaa bure humletea mawazo.

Usiku ule, wakati wa chakula, alieleza kilichomleta. Ukutani kwao palikuwa na kalenda ya zamani yenye picha ya ziwa hili, iliyopigwa kutoka kileleni. Mkewe aliipenda mno. Kila mwaka alisema twende, na kila mwaka fundi alimwambia subiri, kwa kuwa msimu wa wageni ndio msimu wa kushona sare za shule. Mwaka huu mkewe alikuwa amefariki. Sare zilipokwisha, fundi alifunga duka akaja peke yake, mvua au si mvua.

Akatoa kipande cha kitambaa cha buluu mfukoni, kidogo kama kiganja.

"Aliniomba nimshonee gauni la safari, lenye rangi ya ziwa hili," alisema. "Yeye alisema ni kijani. Mimi nilisema ni buluu. Picha imepigwa na jua ikafifia, huwezi kujua. Basi tukabishana miaka yote ile, na mwisho nikashona buluu. Nataka tu nifike juu niweke kitambaa hiki mbele ya macho, nione nani alikuwa sahihi."

Babu alisafisha koo, akasema kwamba huku chini ziwa halina rangi wakati wa mvua, lakini kule juu lina rangi yake, mradi mawingu yakubali. Njia si ngumu kwa mtu mwenye fimbo. Ila penye magogo hapana mchezo baada ya mvua kubwa, na hakuna mgeni wake anayepanda kabla mjukuu wake hajaisoma njia.

Ijumaa mvua ilinyesha mchana kutwa na usiku kucha. Jumamosi kukapambazuka kweupe. Fundi alikuwa barazani mapema, koti limefungwa vifungo vyote, mkate mkobani, kitambaa mfukoni. Bi Haraka akachukua fimbo.

Nyumba ya mwisho kabla ya mlima ilikuwa banda la mashua, na wakati huo wa mwaka lilikuwa tupu na kavu. Wasichana wa jirani walikuwa mle ndani wakiruka kamba. Wakamwita. Akasema anarudi sasa hivi, akapanda mbio mpaka benchi la kwanza. Hapo alisimama akatazama juu. Njia ilikuwa imeoshwa safi, hapakuwa na jiwe lililoanguka. Kutoka benchini mpaka penye magogo ni mwinuko mkali, na siku ile ulikuwa matope matupu. Alisikia kamba ikipiga sakafu kule chini. Akageuka.

Aliruka kamba mpaka jasho likamtoka, kisha akakimbia nyumbani.

"Habari za njia?" babu aliuliza.

"Nzuri," akajibu.

Neno lilitoka lenyewe. Tangu azaliwe hakuwahi kumsikia mtu akiulizwa habari akaanza na jibu jingine. Jirani yao aliyeezuliwa paa na upepo alijibu nzuri kwanza, ndipo akasimulia paa lilivyoruka. Bi Haraka alitarajia babu aulize zaidi, je, magogo, je, udongo, naye angejieleza kidogo kidogo. Lakini babu alikuwa ameshamgeukia fundi na kumwambia amesikia mwenyewe, aende salama, arudi kabla mawingu hayajashuka.

Msichana alifungua mdomo. Fundi akavua kofia yake mbele yake kana kwamba ni mtu mzima, akasema, "Asante, mwanangu." Asante ile ikamfunga kinywa.

Mchana mama aliweka chakula cha mgeni kando na kukifunika. Kikapoa. Babu akaanza kutazama mlima, kisha akapiga filimbi, na hakuna aliyeitika. Hapo akamwita fundi wa mashua, jirani mwenye mabega mapana, wakaondoka pamoja, babu akiburuza magoti yake. Bi Haraka aliwafuata nyuma, roho mkononi.

Walimkuta chini ya magogo, ameketi ndani ya kijito, midomo imebadilika rangi kwa baridi. Maji ya usiku yalikuwa yamekula udongo wote chini ya gogo moja, likabaki limeegemea hewa. Mtoto angelichoma kwa fimbo mara moja tu, lingecheza. Fundi alilikanyaga kwa uzito wake wote. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Walimbeba kwa ubao wa mashua, naye njia nzima hakulia, ila aliwaomba radhi kwa usumbufu.

Daktari wa zahanati aliufunga mguu kwa plasta. Akawaambia nje, kwa sauti ya chini, kwamba kifundo kimevunjika vibaya na hakitarudi kama zamani. Kutembea atatembea. Mlima asahau. Na kama cherehani yake ni ya kukanyaga kwa mguu, basi na hiyo itakuwa taabu.

Fundi akarudishwa nyumba ya wageni, chumba cha chini, akisubiri mpwa wake aje kumchukua barabara ikikauka. Dirisha la chumba kile linatazama ukuta wa jirani.

Nyumba iliingiwa na huzuni kama ya msiba. Babu hakula. Alisema udongo lazima uliporomoka baada ya mjukuu wake kupita, na kwamba mwongoza wageni mwenye akili angejua kusubiri siku nzima. Sokoni watu walikwisha kusema yule mzee ameisha, anapeleka wageni shimoni. Jumapili jioni babu alivua filimbi yake akaitundika nyuma ya mlango, juu ya fimbo. Alisema hatamwelekeza mgeni yeyote mlimani tena.

Bi Haraka aliiona ikining'inia pale. Babu alikuwa amempa uongo uliokwisha kutengenezwa, udongo uliporomoka baada ya wewe kupita, na yeye hakutakiwa hata kuutamka. Alitakiwa kunyamaza tu. Akanyamaza Jumapili, akanyamaza na Jumatatu.

Kila alipotoka shule alimpelekea fundi chai. Siku moja alimkuta amekishika kile kitambaa, anakigeuza. Akamwamkia, akamuuliza habari za mguu. Fundi akasema nzuri. Kisha akacheka peke yake, kicheko kisichokuwa na furaha.

"Unasikia nilivyokujibu? Mguu unawaka moto, nami nasema nzuri," alisema. "Mke wangu alikuwa hivyo hivyo. Gauni lile, nikuambie ukweli, nililishona kwa jora la sare lililobaki. Nilimuuliza, habari ya gauni? Akasema nzuri. Hakulivaa hata siku moja. Alipoanza kuumwa, kila asubuhi nilimpigia kelele nikiwa kwenye mashine, habari za asubuhi? Nzuri. Nami naendelea kushona. Miezi yote ile, mwanangu. Nzuri, nzuri. Mpaka asubuhi moja nikauliza, sikujibiwa."

Bi Haraka alikuwa bado ameshika kikombe cha chai. Akakiweka sakafuni.

"Sikufika penye magogo," akasema.

Ilimtoka yote, benchi, matope, kamba, na lile neno. Alilia mpaka akakwama pumzi. Alipomaliza, fundi alitazama ukuta wa jirani muda mrefu, na uso wake ulikuwa na maumivu ambayo hayakuwa ya mguu. Mwishowe akasema jambo moja tu, kwamba babu yake hali chakula, na kwamba asimwache alale tena na njaa.

Babu alikuwa barazani. Bi Haraka alimweleza akiwa amesimama, mikono nyuma, kama watoto wanavyosimama mbele ya mwalimu. Alijua atachapwa, na kwa kweli alitamani achapwe yaishe. Babu hakuinua mkono. Alionekana mzee kuliko siku zote.

"Na mimi nilikosea," alisema hatimaye. "Nilikuuliza kazi kwa maneno ya salamu. Lakini wewe ulijua kwamba yule mtu anakwenda kukanyaga pale uliposema ni pazuri. Ulijua, ukamwangalia akienda."

"Ndiyo, babu."

"Hilo litakuuma siku nyingi. Liache likuume."

Kesho yake babu alimshika mkono akampeleka kwenye ofisi ya waongoza wageni, na mbele ya watu wazima Bi Haraka akasema tena kila kitu. Hakuna aliyempigia makofi. Mmoja alisonya. Lakini baada ya siku hiyo, watu wa sokoni walinyamaza kuhusu babu, wakaanza kumsema yeye, na akaona ni haki. Babu na fundi wa mashua wakalitengeneza lile daraja la magogo, wakajaza mawe chini yake. Filimbi, hata hivyo, ilibaki nyuma ya mlango.

Ijumaa ikaja habari kwamba barabara imekauka na mpwa atafika Jumatatu. Fundi akamwita Bi Haraka, akampa kile kitambaa.

"Mimi sitapanda tena," alisema. "Nenda wewe ukanitazamie."

Jumamosi alfajiri alipanda na mama yake. Alipofika kwenye magogo alichoma udongo kila upande, taratibu, mpaka mama akamwambia inatosha. Walifika kileleni wakihema. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Hapakuwa na ziwa, hapakuwa na mji. Walikaa juu ya jiwe wakitetemeka hadi karibu adhuhuri, na ukungu haukusogea.

Wakati wa kuteremka mama alivuta pumzi akasema maskini mzee wa watu, atafanya nini na ukungu. Mwambie tu ni la buluu. Atafurahi, na ubaya uko wapi? Bi Haraka alitembea amekishika kitambaa mfukoni, naye alitaka kusema buluu kuliko kitu chochote duniani. Lilikuwa neno rahisi. Lingemfanya mzee atabasamu, na pengine nusu ya kosa lake lingefutika.

"Habari za kule juu?" fundi aliuliza kabla hajakaa.

"Mbaya," akasema. "Palikuwa na ukungu. Sikuliona ziwa hata kidogo."

Mama, mlangoni, aliinamisha kichwa. Uso wa fundi ulishuka, na ilimuuma Bi Haraka kuuona ukishuka. Kisha mzee akaitikia polepole, akamshukuru, akageukia ukutani.

Jumapili hakutumwa na mtu. Yeye mwenyewe alimwamsha mama yake. Walipotokeza kileleni jua lilikuwa limechomoza, hakuna wingu, na ziwa lilikuwa pale chini lote kwa pamoja, kubwa kuliko alivyolijua maisha yake yote. Alinyoosha mkono akaweka kitambaa mbele ya macho. Alitazama muda mrefu, kwa sababu alitamani lionekane vingine.

Aliporudi alikaa kitandani karibu na plasta.

"Ni kijani," alisema. "Mbali sana, penye kina, kuna mstari wa buluu. Lakini ziwa lenyewe ni kijani. Kitambaa hakifanani nalo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Fundi alichukua kitambaa chake akakikunja mara mbili, na machozi yakamtiririka bila kujificha. "Kumbe alikuwa sahihi," alisema. "Miaka yote ile alikuwa sahihi." Bi Haraka aliogopa kwamba amemuumiza tena. Mzee akamshika mkono. "Jana ungeweza kuniletea ziwa ambalo hukuliona, nawe hukufanya hivyo. Sasa naamini. Ni kijani. Nimeliona."

Jumatatu mpwa alifika na gari, kijana mpole aliyekuwa na haraka ya kurudi kazini. Walimbeba fundi hadi barazani wakamkalisha kitini wakati mizigo inapakiwa. Mpwa akainama.

"Shikamoo, mjomba. Habari za hapa?"

"Marahaba. Nzu..." fundi alianza. Akasita. Akamtazama Bi Haraka. "Mbaya, mwanangu. Mguu unauma sana. Na ninaogopa kurudi kwenye nyumba isiyo na mtu."

Kijana alibaki ameinama vile vile. Akasema kila wiki alipompigia simu aliambiwa ni nzuri, sasa angejuaje. Fundi akasema ni kweli, asingejua. Kisha mpwa akatoa simu yake, akampigia mkewe, akamwambia atandike kitanda kingine, mjomba anakuja kukaa kwao, na cherehani wataifuata baadaye na kuitafutia mota. Gari lilipoondoka, mzee alikuwa amefunga macho, kitambaa kiko mfukoni mwa koti.

Babu na mjukuu walibaki barazani. Mvua ilikuwa inajikusanya tena upande wa pili wa ziwa.

"Mtu akikusalimu, mjibu kama watu wanavyosalimiana," babu alisema. "Lakini akikuuliza kwa sababu maisha yake yanategemea jibu lako, mpe ukweli kwanza, hata kama ni mchungu, hata kama unakuaibisha. Adabu itafuata nyuma."

Jumamosi iliyofuata Bi Haraka alichelewa mlimani kuliko siku zote. Aliporudi, miguu imejaa matope mpaka magotini, babu alikuwa amekaa mahali pake, na filimbi ilikuwa shingoni mwake.

"Niambie njia ilivyo," alisema.

Akaketi chini, akaanza kumweleza tangu benchi la kwanza.